Waliziba Ufa, Ukuta Ukaanguka: Tope Lililopotea Kisimani Macondo

Kuna methali ambayo karibu kila aliyepita shule ya msingi ameiandika kwenye daftari: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Leo nataka nikusimulie kisa ambacho mafundi waliuona ufa mapema, wakauziba, tena wakauziba vizuri. Siku 11 baadaye ukuta mzima ukaanguka, na watu 11 wakafa.

Huenda kisa chenyewe unakijua kwa upande mmoja. Usiku wa tarehe 20 Aprili 2010, mtambo wa kuchoronga mafuta uitwao Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Mexico, nje ya pwani ya Louisiana, Marekani. Picha za moto ule zilizunguka dunia nzima, na hadi filamu ikatengenezwa. Mafuta yalimwagika baharini kwa siku 87. Wengi tunaikumbuka kama hadithi ya kitu kilichopanda juu, yaani gesi na mafuta. Lakini ukisoma ripoti ya tume iliyoundwa na Rais Obama, iliyotoka Januari 2011, utakuta kabla ya gesi kupanda kuna kitu kilishuka chini na hakikurudi. Kitu hicho ni tope.

Sasa usicheke. Tope hilo ndilo linaloshikilia kisima kizima.

Tope linafanya kazi gani kisimani?

Tukisema tope hapa hatuzungumzii lile la barabarani msimu wa masika. Ni mchanganyiko uliopimwa kwa makini: maji au mafuta, udongo laini wa mfinyanzi, kemikali kadhaa, na unga wa jiwe zito liitwalo bariti. Pampu zinalisukuma kushuka ndani ya bomba la kuchorongea mpaka kwenye kichwa kinachosaga mwamba. Linatokea pale kwa kasi, halafu linapanda kurudi juu kupitia nafasi iliyopo kati ya bomba na ukuta wa shimo, likibeba vipande vya mwamba uliosagwa. Likifika juu linachujwa, kisha linasukumwa tena chini. Mzunguko huo unaendelea usiku na mchana.

Kubeba uchafu na kupooza kichwa cha kuchorongea ni kazi mbili tu. Kazi ya tatu ndiyo ya uhai na kifo: kugandamiza. Huko chini gesi na mafuta vimefungiwa ndani ya mwamba kwa presha kubwa mno. Kinachovizuia visikimbilie kwenye shimo ulilochimba ni uzito wa safu ya tope iliyosimama juu yake. Hebu tupige hesabu. Tope lenye uzito wa kilo 1.68 kwa lita, likisimama kwa urefu wa mita 5,500, linagandamiza chini kwa presha inayokaribia mara 900 ya presha ya hewa tunayoivuta. Tairi la gari dogo unalijaza kwa presha kama mara 2 tu.

Basi si tuweke tope zito zaidi tulale usingizi? Hapana, maana mwamba nao una kikomo chake. Presha ya tope ikizidi nguvu ya mwamba, mwamba unapasuka na tope linaingia kwenye nyufa na kupotelea humo. Kwa hiyo mchorongaji anatembea kati ya mipaka miwili. Tope likiwa jepesi mno, gesi inaingia kisimani. Likiwa zito mno, mwamba unapasuka. Na pampu zikiwa zinafanya kazi, msuguano wa tope linalopanda unaongeza presha nyingine juu ya ile ya uzito. Unaweza kuwa salama pampu zikiwa zimezimwa, ukapasua mwamba dakika unapoziwasha.

Katika bahari kuu nafasi hiyo kati ya mipaka miwili ni nyembamba zaidi. Nchi kavu, mwamba ulio mita 5,500 chini umebanwa na mita 5,500 za miamba mingine. Baharini sehemu ya kimo hicho ni maji, ambayo ni mepesi kuliko mawe. Mwamba haukubanwa sana, kwa hiyo unapasuka kwa presha ndogo zaidi.

Tena, tope likipotea chini, urefu wa safu yake unapungua. Urefu ukipungua, presha inapungua katika kisima kizima, na tabaka lingine lenye gesi ambalo mwanzo lilikuwa limetulia linapata mlango wa kutokea. Ndiyo maana wahandisi hawachukulii kupotea kwa tope kama hasara ya pesa peke yake. Kinachoshuka chini kinaweza kumfungulia njia kinachotaka kupanda.

Kutoka ng'ombe wa Texas hadi maganda ya pamba

Shida hii ina umri sawa na tope lenyewe. Miaka ya 1840, Mfaransa Fauvelle alichoronga kisima cha maji mjini Perpignan kwa kupitisha maji ndani ya bomba ili yasafishe shimo. Miaka ya 1880, Mmarekani aitwaye Chapman aliomba hataza ya wazo la kuchanganya maji na vitu kama udongo wa mfinyanzi, pumba, nafaka na saruji, ili vikandike ukuta wa shimo usipitishe maji. Kwa maneno mengine, wazo la kuziba ukuta wa kisima lilikuwepo hata kabla tope halijawa kitu cha kawaida.

Kisha ikaja Spindletop, karibu na mji wa Beaumont, Texas. Ndugu wa familia ya Hamill walikuwa wakichoronga kwenye mchanga uliokuwa ukibomoka kila mara. Kwa jinsi kisa kinavyosimuliwa, waliswaga ng'ombe kwenye dimbwi ili wayakanyage maji mpaka yawe tope, wakalisukuma tope hilo kisimani, na kuta zikashikana. Tarehe 10 Januari 1901 kisima kile kilirusha mafuta angani zaidi ya mita 30. Wakati ule watu walishangilia. Leo tungesema kisima kimewashinda.

Mafuta ya kurushwa angani yalikuwa hasara na hatari ya moto, kwa hiyo miaka ya 1920 wataalamu, akiwemo Ben Stroud wa Louisiana, walianza kuongeza uzito wa tope kwa unga wa madini mazito, hasa bariti. Gesi ikatulia. Lakini unaona kilichotokea? Walipokimbia mpaka mmoja wakaufuata mwingine. Kadiri tope lilivyokuwa zito, ndivyo miamba ilivyozidi kupasuka na kulimeza.

Mafundi wakaanza kulisha visima chochote kilichokuwa karibu: maganda ya mbegu za pamba, maranda ya mbao, nyasi kavu, vipande vya karatasi ya selofani, maganda ya jozi yaliyosagwa, vipande vya ulanga. Ukiisoma orodha hiyo unaweza kudhani walikuwa wanabahatisha, ila kanuni ilikuwemo ndani yake. Kuziba ufa kunahitaji chembe kubwa za kukwama mdomoni, za kati za kujaza mianya iliyobaki, na ndogo za kukamilisha. Ukimwaga unga mtupu unapita wote. Ukimwaga vipande vikubwa vitupu, tope linapita katikati yao.

Kilichokosekana ni kuelewa ufa wenyewe unavyozaliwa. Miaka ya 1940, Floyd Farris wa kampuni ya Stanolind alichunguza presha zilizotumika kuingiza asidi, maji na saruji visimani, akaona jinsi mwamba unavyopasuliwa na kimiminika. Mwaka 1947 kampuni hiyo ikajaribu kupasua mwamba kwa makusudi katika eneo la gesi la Hugoton, Kansas, ili gesi itoke kwa wingi. Balaa la mchorongaji likawa nyenzo ya mzalishaji. Mwaka 1957, M. King Hubbert na David Willis waliandika maelezo yaliyobaki kuwa msingi mpaka leo: mwamba hufunguka kuelekea upande uliobanwa kidogo zaidi, na mara nyingi hauhitaji presha ya kubeba uzito wote wa miamba iliyo juu yake. Walilionyesha jambo hilo mezani kwa jelatini na plasta.

Toka hapo matibabu yakaanza kufuata aina ya ufa. Tope likivuja taratibu kwenye mchanga, chembe ndogo zinatosha. Likipotea lote ndani ya pango la mawe ya chokaa, hakuna maganda yatakayosaidia, unahitaji saruji. Ukiwa umeupasua mwamba mwenyewe, jambo la kwanza ni kupunguza presha: punguza kasi ya pampu, punguza uzito wa tope, shusha bomba polepole. Siku hizi wengine huweka chembe za chokaa na grafiti ndani ya tope mapema, zikae tayari kukwama ufa unapoanza kufunguka. Na mara nyingine huzibi kabisa. Wenzetu wanaochoronga visima vya mvuke Olkaria, Kenya, wakifika kwenye hifadhi ya mvuke na kukuta nyufa zinazomeza maji, hiyo ni habari njema, maana mvuke utapandia kwenye nyufa hizohizo. Ukiziziba umeua kisima chako.

Macondo hakukuwa na bahati hiyo. Kule ufa ulikuwa adui.

Tarehe 9 Aprili

Macondo lilikuwa jina la kisima cha kampuni ya BP, kwenye maji yenye kina cha mita zipatazo 1,500. Kilisumbua tangu mwanzo. Mtambo wa kwanza uliharibiwa na kimbunga Novemba 2009, ndipo Deepwater Horizon, mali ya kampuni ya Transocean, ukaletwa kumalizia. Machi 2010 gesi iliingia kisimani, bomba likanasa, ikabidi sehemu ya kisima iachwe na njia nyingine ichorongwe pembeni. Tope nalo lilipotea zaidi ya mara moja.

Tarehe 9 Aprili, wakiwa kwenye futi 18,193, yaani kama mita 5,545, tope halikurudi tena juu. Mwamba ulikuwa umepasuka. Wakasimamisha kazi. Wakaandaa dawa nzito yenye chembe za kuziba, mapipa 172, zaidi ya lita 27,000, wakaisukuma chini. Ikafanya kazi. Ufa ukaziba, mzunguko ukarudi.

Ningekuwa natoa alama, hapo ningewapa zote. Waligundua mapema, wakasimama, wakatibu, wakapona. Na hawakuishia hapo. Wahandisi walipopiga hesabu waliona nafasi yao imekwisha. Walihitaji tope la takriban kilo 1.68 kwa lita ili kuyazuia mafuta yaliyo juu, lakini wakienda chini zaidi na tope hilohilo wangeupasua mwamba tena. Kisima kilipangwa kufika futi 20,200. Walikwenda taratibu mpaka 18,360, wakasimama. Waliacha zaidi ya mita 500 za kazi bila kuchoronga. Huo haukuwa uzembe.

Ukiniuliza, kosa lilianzia baada ya hapo, wakati kila uamuzi ulipoanza kuongozwa na hofu moja tu: ufa usije ukafunguka tena.

Hofu ya ufa

Kisima kikishachorongwa huvishwa bomba la chuma, lile ambalo mafundi wa visima vya maji kwetu huliita kesingi. Saruji inasukumwa kushuka ndani ya bomba, inageukia chini, inapanda kwa nje na kujaza nafasi kati ya bomba na mwamba. Saruji hiyo ndiyo inayozuia gesi isipite pembeni. Lakini ni nzito kuliko tope, na kuisukuma kunaongeza presha. Ukiwa na mwamba uliokwisha kupasuka mara moja, unaanza kuogopa.

Angalia walivyoamua, kwa mujibu wa ripoti ya tume.

Kabla ya saruji ni kawaida kuzungusha tope lote mpaka lile lililokuwa chini kabisa lifike juu, kisima kisafike na ujue kama kuna gesi. Macondo hilo lingehitaji mapipa 2,760. Walizungusha takriban 350. Sababu: kuzungusha kwingi kungeweza kupasua mwamba.

Saruji walichagua isukumwe polepole, mapipa 4 kwa dakika au pungufu. Mwendo wa taratibu hausafishi tope vizuri mbele ya saruji. Sababu ni ileile.

Kiasi chake kilikuwa kidogo, mapipa kama 60 tu, ili isipande juu sana na kuongeza uzito. Saruji kidogo huacha nafasi ndogo ya makosa.

Na uzito wake ulipunguzwa kwa kuipulizia naitrojeni iwe povu, kutoka kilo 2.0 hadi 1.74 kwa lita. Saruji ya povu ni teknolojia halali, lakini ina tabia ya kuharibika mapovu yasipotulia. Tume ilieleza kuwa baadhi ya majaribio ya maabara yaliyofanywa kabla ya kazi yalionyesha mchanganyiko ule haukuwa imara.

Uamuzi mmoja mmoja unatetewa vizuri sana. Kila mmoja unaulinda mwamba. Lakini yote manne kwa pamoja yanaidhoofisha saruji, na saruji ndiyo iliyokuwa ukuta.

Kisha wakapima mafanikio kwa kipimo cha hofu yao. Wakati saruji inaingia, tope lote lilirudi juu bila kupungua. Wakafurahi. Mafundi waliokuwa wamekuja tayari kuikagua saruji kwa vyombo wakarudishwa nchi kavu bila kufanya kazi. Hebu fikiri: tope kurudi lote kunakuambia kwamba mwamba haukupasuka. Hakukuambii saruji imekaa wapi, wala kama imeshika. Walikuwa na jibu sahihi la swali lingine.

Dawa iliyobaki

Baada ya tarehe 9 mafundi walikuwa wameandaa dawa nyingine ya kuziba nyufa, ya aina mbili, endapo tope lingepotea tena. Halikupotea. Dawa ikabaki kwenye matangi, zaidi ya mapipa 400. Kuipeleka nchi kavu kungemaanisha kuitupa kama taka hatari chini ya sheria za Marekani. Ila sheria hizohizo ziliruhusu kumwaga baharini tope la maji ambalo limeshapitishwa kisimani.

Basi ikaamuliwa dawa ile ipitishwe kisimani. Siku ya mwisho walihitaji kimiminika cha kutenganisha tope la mafuta na maji ya bahari, na wakaitumia hiyo. Tume ilisema hakuna aliyekuwa amewahi kutumia mchanganyiko wa namna ile kwa kazi ile, wala haukuwa umejaribiwa ipasavyo.

Jioni ya tarehe 20 wakafanya jaribio la kuhakikisha kisima kimefungika: unaondoa sehemu ya tope, unaweka maji mepesi ya bahari, presha inashuka, halafu unatazama kama kuna kitu kinasukuma kutoka chini. Kwenye bomba la kuchorongea presha ilipanda mpaka pauni 1,400 kwa inchi ya mraba. Kwenye bomba dogo la pembeni, ambalo lilitakiwa kuonyesha hivyohivyo, ilisoma sifuri. Mojawapo ya maelezo ambayo tume iliyaona yanawezekana ni kwamba ile dawa nzito, iliyotengenezwa kwa ajili ya kuziba, iliziba bomba lile la pembeni. Waliokuwepo wakaipatia presha ya 1,400 maelezo mengine, wakaamini sifuri, wakaendelea kuondoa tope.

Kabla ya saa 4 usiku kisima kililipuka.

Tunabaki na nini?

Mwaka huohuo wa 2010, mwezi Oktoba, kisima cha Pweza-1 kiligundua gesi katika bahari kuu ya Tanzania. Toka wakati huo, vijana wetu wengi wamesomea mafuta na gesi, na baadhi yenu mnaosoma hapa mtakuja kukaa mbele ya skrini zinazoonyesha tope linaloingia na linalorudi. Vitabu vitakufundisha vizuri sana kuziba ufa: ukubwa wa chembe, uzito wa tope, kasi ya pampu. Jifunzeni hayo, yanaokoa pesa na maisha.

Lakini ufa wa Macondo ulizibwa. Kilichoua ni kwamba tatizo lililotibiwa tarehe 9 liliendelea kutawala akili za watu mpaka tarehe 20, na hakuna aliyekaa chini kujumlisha. Tume ililisema jambo hilo kwa lugha ya ofisini: hapakuwa na utaratibu wa kutosha wa kupima hatari zilizoletwa na mabadiliko ya dakika za mwisho. Kwa lugha yetu, kila fundi alilinda tofali lake na hakuna aliyeutazama ukuta.

Kwa hiyo siku ukipunguza kitu ili kuzuia hasara moja, andika mahali umepunguza nini, na uende nayo kwenye kikao kinachofuata. Uliza sauti ikisikika: hiki tulichokipunguza kilikuwa kinamlinda nani? Wale watu 11 walikuwa kazini usiku ule. Swali lilikuwa lao.